Ng'ombe Waliolala Ubavu

Siku yangu ya kwanza kazini, kituo cha watoto cha Mwamapalala, nilifika na ndoo ya udongo wa kichuguu kama nilivyoagizwa. Mlezi Mkuu, mama wa sauti nzito, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la nne.

"Inatosha, mayu," akasema, yaani mama, kama tunavyoitana Kisukuma. "Hawa hawana shida na hesabu zako. Wana shida na macho yako. Usiyaondoe kwao."

Ulezi ndio huo. Ninyi mnaousomea na kupewa vyeti mnaupa majina marefu. Sisi tulisema kukaa na watoto. Asubuhi uji, halafu udongo. Tuliukanda kwa maji kidogo mpaka uache kunata vidoleni, kila mtoto akafinyanga ng'ombe. Sheria moja tu: ng'ombe asiposimama kwa miguu yake hajaisha, rudia. Hapo nilimjua mwenye haraka, mwenye hasira, na aliyelala njaa. Ng'ombe wakikauka, watoto waliwachunga uani na kugombania madume. Walipigana, ndiyo. Lakini mmoja akilia, mwenzake aliacha.

Nikahamishiwa Lingeka, kisha, uzeeni, Somanda hapa mjini. Mkuu wa Kituo alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mpole, mwenye mbio nyingi. Msimu wa kuvuna pamba watoto walijaa, na walezi tulikuwa wawili. Akaleta runinga. Kwanza katuni. Watoto walipozichoka akaazima flashi kwa mwenye kibanda umiza, yule anayeonyesha video za mapigano kwa kiingilio.

"Mkuu, humo watu wanachinjana," nikamwambia.

Akacheka. "Bibi, yale ni maigizo. Sikiliza basi. Umewahi kusikia kimya kama hiki hapa?"

Kimya kilikuwepo kweli. Akina mama wakija kuchukua watoto walimshukuru.

Mimi nilisoma kwenye udongo. Bunduki zikaanza, kisha watu wasio na vichwa. Shija, ambaye ng'ombe wake walikuwa na mbavu na alama ya chapa, akawaacha kabisa. Akimpiga mwenzake, mwenzake akilia, haachi. Anainama kumtazama usoni, anangoja aone kinachofuata.

Nikamfuata mama yake. "Mayu, mtoto anabadilika."

"Amechangamka tu, bibi! Zamani si mlisema ni zuzu?" Akajitwisha mzigo wake, akaenda.

Kwao pamba ilikuwa haijauzwa, imejaa chumba kizima mpaka karibu na bati, kama tunavyoweka wote huku. Siku moja wazazi wakiwa shambani, Shija alimfunga mdogo wake Minza mikono kwa kamba ya gunia, akamziba mdomo kwa kitambaa, akamfukia kwenye pamba. Minza alikuwa mateka. Jirani alimkuta Shija ameketi mlangoni, ametulia, na unyayo mdogo umechomoza katikati ya pamba.

Hospitalini walimrudishia Minza pumzi. Maneno yake hayakurudi.

Nilikaa na Shija kwenye benchi la nje. "Ulipoona hatikisiki, mbona hukuita mtu?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Nilikuwa namngoja aamke, bibi. Yule wa kofia nyekundu kwenye video si alikufa? Kesho yake tukamwona tena, anakimbia."

Kikao cha wazazi kikaitwa. Mkuu wa Kituo alilia mbele yetu; hakuwa mtu mbaya. Runinga ikafunikwa kitambaa. Msimu uliofuata, pamba ilipopasuka, kitambaa kikaondolewa, na hakuna mzazi aliyeuliza. Nikaaga, nikaenda nyumbani.

Hakuna aliyenifanyia sherehe ya kustaafu, na sikuitaka. Wajukuu zangu mnapompa mtoto simu ili mpike kwa amani, mnaniambia mambo yamebadilika, bibi. Hayajabadilika. Mtoto bado anaamini anachokiona, na simu haimtazami usoni kujua ameelewa nini.

Shija yuko sekondari sasa. Akiniona njiani hukata kona. Minza huletwa kwangu mama yake anapokwenda sokoni. Huingia mwenyewe, haniamkii, ananyoosha mikono apewe udongo. Mlango siufungi; ukifungwa, Minza hupiga kelele mpaka jasho limtoke.

Anafinyanga ng'ombe vizuri kuliko wote niliowahi kuwalea. Pembe, nundu, mkia, kila kitu. Kisha anawalaza ubavu mmoja mmoja, anawafunika kwa majani, na kuketi kuwatazama.

Ile sheria yangu ya kusimama simwambii.