Niliambiwa barabara imefungwa nikanyamaza, sasa posa ya binti yangu inavunjika

Admin usiweke jina langu, hapa Mpanda tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 47, mjane, shule niliishia darasa la nne, mtanisamehe maandishi. Wanaotaka kunitukana watukane, ila wasome kwanza.

Tangu mume wangu afariki, mwenye sauti nyumbani kwangu ni shemeji, kaka wa marehemu. Hata chumvi hajawahi kutuletea, ila kuamua anaamua yeye. Binti yangu akapata mchumba, kijana wa huko Kibaoni, analima mpunga, ana adabu. Shemeji akapanga barua ya posa iletwe Jumamosi iliyopita, akanionya mbele ya mawifi: "Mshenga ataongea na mimi tu. Nikisikia unaongea nao pembeni, najitoa, utamuoza mwenyewe kama mtu asiye na ukoo."

Mvua ikanyesha tangu Ijumaa, umeme ukakatika. Jumamosi saa mbili asubuhi mshenga akanipigia mimi. "Mama, baba mkubwa wa binti hapatikani kwenye simu. Maji yamepita juu ya daraja, barabara imefungwa, magari yote yamezuiwa. Mtuombee radhi, tutakuja Jumamosi ijayo." Nikamwambia sawa baba, nitamfikishia.

Sikumfikishia. Niliogopa kuulizwa kwa nini wamenipigia mimi. Nikajidanganya kwamba maji yatapungua, watatokea tu. Nikaendelea kupika, mbuzi, wali, kuku. Wazee wa ukoo wamekaa na makoti yao, na kwetu hakuna kugusa chakula wageni hawajafika. Saa kumi jioni wifi akaanza: "Labda mkwe anakuja kwa kuogelea." Wakacheka. Mwanangu yuko chumbani na kitenge chake kipya, anasikia yote.

Shemeji akasimama. "Hawa wametudharau, hata simu hawakupiga. Posa haipo tena, na wakikanyaga hapa nawatoa kwa fimbo." Akaingia chumbani akamnyang'anya binti simu, eti wasirudi kumrubuni. Mimi nikabeba sahani nikarudi jikoni. Nilijichukia. Na yeye namchukia, Mungu anisamehe. Ni mtu gani huyo, hata habari ya mvua unaogopa kumpelekea?

Leo Alhamisi, barabara imefunguliwa. Kule wanajua ujumbe ulifika, keshokutwa wanakuja. Nikisema ukweli, shemeji atajitoa na wazee wote watamfuata, hakuna atakayepokea barua. Nikinyamaza, wageni watapigwa fimbo mlangoni kwangu. Nikimwambia mshenga wasije, nitampa sababu gani?

Jana binti ameniuliza, macho yamevimba, "Mama, kweli hawakupiga hata simu moja?" Nikamjibu, "Hawakupiga, mwanangu."

Nyie mama zangu na dada zangu, nisemeni mtakavyo, lakini niambieni: naanza kumwambia nani, shemeji au mwanangu? Na huyu mwanangu, nikishamwambia, ataniita tena mama?