Karatasi Nisiyoweza Kuisoma

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kila Jumamosi nilibeba fidla yangu kwa miguu kutoka Michenzani hadi Mji Mkongwe, kwenye darasa la sisi tuliotaka kuendelea na muziki chuoni. Kwa miaka miwili nilimficha mwalimu wetu, mama mmoja mkali, jambo moja: sikujua kusoma noti, zile alama za muziki zinazoandikwa kwenye karatasi. Nilisikiliza wenzangu wakipiga, nikafuata.

Siku hiyo akaniwekea karatasi mpya. "Piga peke yako. Kwenye mtihani wa kuingia chuo ndivyo watakavyokufanyia."

Niliitazama karatasi nisione pa kuanzia. Nikaweka upinde kwenye nyuzi, mkono ukakataa kwenda.

"Unaumwa?"

"Bi, sijui kusoma noti," nikasema huku nalia. "Nlikuwa nnashika kwa sikio tu."

Nilihisi leo nafukuzwa. Akaiondoa ile karatasi, akasema, "Basi Jumamosi ijayo utakaa na watoto wanaoanza."

Nilikaa nao mwaka mzima, magoti yakigonga meza yao ndogo. Mtihani niliufanya kwa hofu ileile, ila noti nilizisoma, na chuo kikanichukua.