Jina Linalonuka

Bibi Theresia wa Kinyangiri ana kinyaa, na hajawahi kukificha. Kikombe ulichonywea wewe hakigusi mpaka akisugue kwa majivu, tena atakisugua ukiwa umekaa palepale, uone aibu utakavyo. Ukipiga chafya karibu na sufuria yake, ugali huo utaula peke yako. Watu husema amezidi. Wasiojua ndio husema hivyo.

Wanaojua ni wale waliokua naye. Theresia ni jina la ubatizo. Nyumbani aliitwa Jalala. Mama yake alizika watoto wanne kabla yake, na wa tano alipokuja, wazee walifuata desturi: wakamlaza kidogo juu ya lundo la taka nyuma ya zizi, wakamwokota kama kitu kilichotupwa, wakampa jina la hapo walipomwokota. Kifo hakihangaiki na takataka, walisema. Kweli kikapita. Ila watoto wenzake walibana pua kila alipokatiza, miaka yote saba ya shule, naye akajiapia kwamba katika nyumba yake hakuna mtoto atakayeitwa uchafu.

Kiapo alikitunza. Mwanawe Chrispin alipooa, mkewe Eliana akajifungua, bibi akatoa jina: Gloria. Gloria aliishi miezi mitano. Akafuata Flora, jina zuri, shuka jeupe, maji ya kuoga yamechemshwa na bibi mwenyewe. Flora hakufika hata mitatu. Hospitali walisema ni homa. Makaburi yote mawili yako pembeni mwa shamba la alizeti, na kila Jumamosi bibi huyafagia.

Sasa amekuja wa tatu, wa kike, ana wiki sita na hana jina. Ubatizo ulipangwa kuwa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Wazee wa ukoo walishapita kukumbusha desturi. Bibi aliwapa chai, kisha akawaambia njia ya kurudia wanaijua.

"Mama, mimi nina wazo," Eliana alisema asubuhi hiyo, mtoto mgongoni. "Tumwite Marigoldi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ua, mama. Nimesoma kwenye simu, maana yake ni dhahabu ya Maria. Ni yale niliyoyapanda kuzunguka mchicha, mbegu nilizinunua Shelui. Yameshachanua."

Dhahabu, tena ya Maria. Hapo bibi hakuona uchafu. Alikwenda bustanini kuyatazama, Eliana nyuma yake, akayakuta mazuri kweli, ya rangi ya chungwa, yamejaa. Akainama, akachuma jani, akalifikicha na kulinusa. Papo hapo akalitupa, akatema mate.

"Bangi mwitu!"

Magugu hayo si bangi ya kuvuta; kila mkulima wa huko anayajua. Mvua ikinyesha tu, yanaivamia alizeti. Ukiyang'oa leo, mikono itanuka mpaka keshokutwa, sabuni usihangaike nayo. Ng'ombe akiyala, maziwa yake hata mbwa atayasusa. Katika vyote alivyovichukia Bibi Theresia, na orodha ni ndefu, hayo yalikuwa ya kwanza.

"Siyo yenyewe, mama. Haya ni ndugu yake tu."

"Ndugu! Harufu ni ileile! Mjukuu wangu aitwe hivyo? Mimi nilibanwa pua miaka saba, Eliana. Huyu hapana. Hapana!"

Eliana alimkaza mtoto vizuri mgongoni kwanza. "Jina la Gloria halikunuka, mama," alisema polepole. "Na la Flora halikunuka."

Bibi aliingia jikoni akasugua kikombe ambacho hakuna aliyekuwa amekinywea.

Mchana kuku wake mwekundu alitaka kuatamia. Kwenye kiota huwekwa bangi mwitu, maana utitiri hauivumilii. Kila mara bibi hufanya kazi hiyo amejifunga kitambaa puani, huku akilaani. Mwaka juzi kinyaa kilimshinda, akatandika nyasi safi zinazonukia. Utitiri ukamaliza vifaranga wote kumi na mmoja, kwenye kiota kisafi kuliko vyote kijijini.

Alisimama mbele ya kiota na mashina ya bangi mwitu mkononi. Kinyaa kilimpanda, na safari hii hakujua kama ni cha harufu au ni cha kujichukia mwenyewe. Ana miaka sitini na minane. Jalala yu hai.

Alitandika kiota, akatoka bila kunawa. Eliana alishtuka, jambo hilo hakuwahi kuliona.

"Mlete huyo mtoto."

"Mama, mikono yako..."

"Najua inanuka. Mlete!"

Alimpokea, akaipangusa mikono yake juu ya kanga aliyofungwa mtoto, mbele na nyuma, taratibu, kama apakaye mafuta. Harufu ikapanda. Akakaribia kutapika, lakini hakugeuza uso.

"Jumapili mwambieni padri Marigoldi. Na mtu akiwauliza maana, msimwambie dhahabu. Dhahabu huibiwa."

Kisha akaweka mdomo kwenye kile kisikio kidogo, machozi yakimtoka, pua ameikunja.

"Nuka, mjukuu wangu," alinong'ona. "Nuka, kifo kikupite."