Gauni nimeshona mimi, sifa kachukua Mama Shija

Jamani, leo nimeibiwa mchana kweupe na mwizi kanikazia macho!

Mnajua nimefungua ukurasa wa kutangaza ushonaji wangu hapa Segese, hata mwezi haujaisha.

Asubuhi kaja mama mmoja kutoka Ushetu na kitambaa chake cha kushonesha, kanionyesha picha kwenye simu.
"Samahani dada, fundi wa gauni hili yuko wapi?"

Gauni nimelishona mimi. Aliyelivaa ni mdogo wangu Kabula. Lakini juu ya picha pameandikwa jina la Mama Shija, fundi jirani yangu!

Nikamfuata hapo hapo, na yule mama nyuma yangu.
"Mama Shija, huyu pichani ni nani?"
"Mteja wangu."
"Mteja wako? Huyo nimezaliwa naye tumbo moja!"

Hakushtuka hata kidogo.
"Si uliiweka mwenyewe mtandaoni? Cha mtandaoni ni cha wote."

Na yule mama? Kitambaa kamkabidhi Mama Shija! Eti mimi nina kelele.

Nyie mngenyamaza?

Mama Shija, najua unasoma hapa. Picha uliyoiba inaonyesha mbele tu. Mgongo wa gauni lile sijawahi kuupiga picha.

Haya, shona tuone.