Siku Polisi wa Jeshi Walipokuja Mbotela

Asubuhi za Agosti ile nyumba yetu ya Mbotela ilinuka dawa ya viatu. Kaka yangu Musyoka, mwanajeshi, alikuwa amekuja likizo ya wiki mbili, na kila kulipokucha aliketi mlangoni akisugua buti zake kwa kipande cha fulana kuukuu mpaka zing'ae, kisha akazirudisha chini ya kitanda bila kuzivaa. Nilikuwa na miaka kumi. Wiki mbili zikaisha, ya tatu ikapita, ya nne ikaingia. Baba, aliyekuwa dereva katika kiwanda cha sabuni, alimwambia mara moja tu: "Musyoka, rudi mwenyewe. Wakikufuata yatakuwa mambo mengine." Musyoka akajibu, "Sawa, baba," akabaki pale pale. Mama alimpakulia chakula kabla yetu sote na hakumuuliza kitu. Mimi ndiye niliyemuuliza. Akaniambia kwamba lori lao lilipinduka huko kaskazini, na rafiki yake, ambaye alikuwa amebadilishana naye viti asubuhi hiyo, alifia pale pale. Aliyasema kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, nami nikayapokea hivyo hivyo.

Jumatano moja mchana nilikuwa nikichota maji kwenye bomba la mtaa walipokuja wanaume wawili waliovaa kofia nyekundu, kila mmoja amefunga mkononi kitambaa chenye herufi mbili. "Mtoto, unapajua kwa kina Musyoka?" mrefu wao aliniuliza. "Ni kwetu," nikasema. Akanibebea ndoo, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikatangulia mbele yao, nikijiona mtu wa maana, na tulipokaribia mlango nikaita kwa sauti: "Mama, kuna wageni wa Musyoka!"

Musyoka alikuwa mezani akila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Hakuinua kichwa. Yule mrefu akaitua ndoo, akavua kofia. "Habari ya mchana, mama. Samahani, tumekuja kumchukua kijana." Mama akawatazama wote wawili, akasema, "Ngojeni amalize kula." Wakangoja wakiwa wamesimama. Nilikuwa nasikia kijiko kikigonga sahani. Musyoka alipomaliza alinawa mikono, akauliza, "Nivae buti?" Yule mfupi akajibu, "Vaa, twende." Wakatoka naye, na karibu na gari lao wakamfunga pingu.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Vijana walisema hao ni makarao wa jeshi. Mama Neema, ambaye ni mzaliwa wa Tanga, alisema kwao huitwa polisi jeshi, na wakikutia mkononi hutoki salama. Fundi wa kushona nguo kutoka Zaire akasema hapana, hao ni PM, polisi militeri, na kwao mtu akiwaona huhama mtaa. Mganda mmoja aliyekuwa akiuza sweta alikata maneno: popote duniani hao ni MP, basi. Wakabishana hivyo kwa muda mrefu, wengine wakicheka, na mama akiwa amesimama katikati yao ameshika sahani ya Musyoka. Hakuna aliyemwuliza lolote. Mimi nilirudi ndani nikaosha vyombo. Nilitarajia kulia, machozi hayakuja, nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata. Baba aliporudi kutoka kazini jioni akauliza ni kina nani waliomchukua, nilimtajia majina yote niliyoyasikia, moja baada ya jingine, mpaka akaniambia ninyamaze. Sikumwambia nani aliwaonyesha njia.

Musyoka alishtakiwa katika mahakama ya jeshi, akafungwa miezi kadhaa, kisha akafukuzwa kazi. Alirudi amekonda, akapata kazi ya kupakia mizigo, na habari ya jeshi haikutajwa tena kwetu. Baba alikufa bila kuizungumza.

Sasa Musyoka anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, na mimi ni mwalimu. Mwaka jana nilimtembelea Jumapili moja baada ya kanisa. Tulikuwa tukinywa chai, wanawe wakitazama televisheni, nikajikuta nikisema: "Ni mimi niliyewaleta siku ile."

"Najua, Mwende," akasema. "Nilisikia ukiita. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi."

"Mbona hukutoka?"

"Nilikuwa nimechoka kuwangoja."

Akaninyooshea kikombe nimwongezee chai. Miaka yote nilikuwa nimeibeba siku ile kama kosa langu, naye alikuwa ameiweka kama siku aliyopumzika. Nilidhani nitasikia nafuu, lakini haikuja. Labda nilichelewa mno kuuliza. Nilimimina chai, nikamwuliza kama anataka sukari, akasema kijiko kimoja.