Kitenge Kati ya Kabemba na Mama Mkwe Wake

Figo za Kabemba zilimgeuka kabla watu hawajamgeuka. Alikuwa fundi umeme mgodini, asili yake Kasai lakini mzaliwa wa Kolwezi, na miguu ilikuwa ikimvimba hata viatu vya kazi vikakataa kuingia. Hilo mkewe, Ndaya, alilizoea. Kilichomtisha ni jinsi kila ugonjwa ulivyopata njia kwake. Mafua ya jirani yalikuwa yake, jipu likipona hapa lilitokea jingine pale, na kila msimu wa baridi kifua kilimlaza.

Daktari Kisimba, Mkatanga mpole asiyejua kudanganya wagonjwa, aliwaeleza kwamba figo zikichoka uchafu hubaki kwenye damu, na uchafu huo huwalegeza askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu. Mashine ya kusafisha damu haikuwepo, na dawa za presha zilipatikana kwa bahati. Basi akamwagiza atembee. Si kuzurura, bali kila asubuhi kwa mwendo wa kutoa jasho, aweze kuongea lakini ashindwe kuimba. Asijikimbize mpaka achoke hoi, maana kuchoka hoi nako huwadhoofisha askari hao hao. Figo hazitapona kwa miguu, alisema, ila huenda magonjwa ya kuambukiza yakapungua, na hata wasomi bado wanalichunguza jambo hilo.

Majirani wa Dilala, mtaani kwao, walimsema Ndaya. Mke gani anamtoa mgonjwa kitandani? Ndaya alitia pamba masikioni. Kabemba akawa anaishika barabara ya Musonoi alfajiri, anarudi shati limelowa, na mwaka ule baridi ikaja ikapita bila kifua. Ndaya alicheka peke yake jikoni kwa furaha.

Kisha wakubwa wa siasa wakachafua nchi. Mgodi ulikuwa umekwisha kuporomoka, mishahara haitoki, na njaa ikatafutiwa wa kulaumiwa. Wakatanga wakawaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu, na wadudu hufagiliwa. Vijana wenye mapanga walipita nyumba kwa nyumba. Ndaya na mumewe walikimbilia stesheni na masufuria mawili na godoro, wakangoja treni ya Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mama mzazi wa Ndaya, mjane aitwaye Mama Mbombo, alifukuzwa Musonoi akawafuata. Wote watatu wakabanana chini ya turubai moja, kwenye ukuta wa stesheni.

Hapo ndipo balaa lilipokaa. Kwa Waluba, kabila lao, mwanamume hatazamani na mama mkwe wake, hali chakula naye, hapiti mbele yake ovyo. Kule Dilala Mama Mbombo akiingia kwa mbele, Kabemba alitokea nyuma. Turubai halina nyuma. Ndaya alitundika kitenge katikati, mumewe upande wa ukuta, mama upande wa njia, akaona amefanya la adabu. Lakini ili Kabemba atoke, ilimbidi aruke miguu ya mama mkwe. Basi alitoka gizani tu, kwa haja, akarudi upesi. Matembezi yakafa.

Ndaya aliliona. Mwishowe alimnong'oneza mumewe atoke tu, Mungu atawasamehe.

"Wacha, Ndaya," alijibu Kabemba. "Nitatembea tukifika. Mi siwezi kuruka miguu ya mama mukwe kila asubui, batu bote banaangalia."

Waliowafukuza waliwapora kila kitu isipokuwa heshima, nao wakaishika kwa mikono miwili, maskini. Stesheni nzima ilikuwa inakohoa. Watoto wa jirani walishikwa na surua, wengine kuhara, na vyoo vilifurika. Kabemba alikaa palepale ukutani akipumua pumzi za watu, mpaka kifua kikarudi, na homa.

Mama Mbombo alikisikia kile kikohozi. Akauliza kwa nini mkwe wake ameacha dawa yake ya kutembea. Ndaya alilia, akamwambia ukweli: anakuogopa wewe, mama.

Mwanamke mzee aliinuka. Kisha akakishusha kile kitenge kwa mkono wake, akamshika Kabemba kiwiko.

"Simama, mutoto yangu. Ile aibu tuliiacha mu manyumba yenye balitunyang'anya."

Walitembea kando ya reli, yeye na mama mkwe wake, macho yake chini. Alishindwa hata kuongea kwa kukosa pumzi. Hawakufika mbali akaketi kwenye mawe.

Daktari Kisimba alikuja stesheni na sindano alizobakiza, ijapokuwa Wakatanga wenzake walimtazama vibaya. Alimchoma, akasikiliza kifua, akakunja uso. Ndaya alimuuliza kama kutembea kungemwokoa.

"Sijui, mama," alisema daktari. "Hapa banakufa hata bale benye figo muzima."

Jibu hilo lilimuuma kuliko lawama. Lawama angeweza kuibeba.

Treni ilipokuja walimpandisha kwa kumbeba. Alikata roho ndani ya behewa, kabla ya kufika Mwene-Ditu kule Kasai, watu wamesongamana hata hapakuwa na pa kugeuzia uso. Wanaume wa ukoo wa kumwosha hawakuwepo. Ndaya alikuwa amekipakata kichwa chake. Basi Mama Mbombo alichukua maji ya kunywa yaliyobaki kwenye kidumu, akalowesha kitambaa, akamwosha uso, kifua na miguu iliyovimba, mwanamume ambaye tangu amwoze binti yake hakuwahi kumwona hata akila.