Dakika Nne za Mama

Harufu ya mbao mbichi za paini ndiyo inayonirudisha kijijini Yakobi, mwaka nilipokuwa na miaka kumi. Kanisa letu lilikuwa bado linajengwa, na kwaya ilifanya mazoezi katikati ya marundo ya mbao, pumzi za waimbaji zikitoka kama moshi kwa baridi ya mwezi wa saba. Mama aliimba sauti ya kwanza. Nilikaa juu ya mbao hizo na kujivuna kwamba yule ni wangu. Msimu huo kwaya ilirekodi albamu ya kupeleka kwenye mashindano ya Makambako, na sharti lilikuwa kwamba albamu isizidi saa moja. Nyimbo tisa zilishafika dakika hamsini na nane. Hata hivyo Mwalimu Mgaya, kiongozi wa kwaya, alikuja nyumbani kumwomba mama wimbo alioutunga alipomzika kaka yake. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Akauliza, "Mwalimu, dakika nne hizo hazitatuzidishia muda?"

"Mama Tumaini, tutauweka mwisho, uwe wa nyongeza. Nyongeza haihesabiwi."

Makambako kulikuwa na upepo wa vumbi uliokwaruza macho. Ukumbini tulisubiri mpaka alasiri, ndipo mwamuzi mkuu akasoma kwamba kwaya yetu imeondolewa kwa kuwa na dakika sitini na mbili. Mwalimu Mgaya akasimama kueleza habari za nyongeza. Mwamuzi akamuuliza, "Wimbo huo umo kwenye CD, haumo?" Akakiri kwamba umo. "Basi umehesabiwa." Tulirudi kwa lori, tumejifunika vitenge mpaka puani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mwalimu Mgaya aliwaambia wanakwaya kwamba wameponzwa na mtu mmoja aliyetaka sauti yake isikike. Mama akasema taratibu, "Mwalimu, si wewe uliyenifuata nyumbani?" Akajibiwa, "Nilikufuata kwa sababu ulinichosha kwa kuniomba." Nilikuwapo siku ile ya mahindi, nilijua ni uongo. Wanakwaya wakatazama chini. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Siku ile walinyonga tu. Nami, ambaye shuleni nilikuwa nimeshaanza kuchekwa, sikumtetea. Ulimi hauna mfupa: tulipofika nyumbani nilimwambia, "Kwa nini uliimba? Umetuaibisha." Kesho yake alifua sare yake ya kwaya, akaipiga pasi, akairudisha.

Siku hizi ninaishi Makambako, na nyimbo hunifikia kwenye simu mmoja mmoja. Hakuna anayeuliza albamu ina dakika ngapi. Hata ile yetu imo humo, jalada jipya, nyimbo tisa, na watu wanaisifu. Wa kumi waliufuta. Nimeshamsamehe Mwalimu Mgaya mara nyingi kwa mdomo, wala haijanisaidia, kwa sababu aliyenyamaza akiujua ukweli ni mimi. Mwezi uliopita nilikwenda Yakobi kusali na mama. Wengine waliimba, yeye alisimama na kitabu kikiwa wazi, midomo imefungwa, kama alivyofanya miaka yote hii. Tulipotoka, mwanangu akaniuliza kama bibi hajui kuimba. Nikamjibu kwamba bibi ana matatizo ya kifua. Mama alikuwa hatua mbili mbele yetu. Alisikia, akaendelea kutembea.